Kasuku Aliyechuja Maneno

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumatatu ya kwanza baada ya mvua kubwa kukatika, taa ya chumba cha mafunzo iliwaka na kuzimika, ikawaka tena na kuzimika tena. Wanafunzi waliokuwa wakipiga soga waliinua macho kuitazama dari. Mmoja alisema umeme umeanza vituko vyake. Mwingine alipapasa mkoba wake akitafuta tochi, ilhali jua lilikuwa limejaa madirishani. Mwanamke mmoja tu, aliyeketi karibu na ukuta, hakuitazama taa. Aligeuka kumtazama mtu aliyesimama penye swichi.

Mtu huyo alikuwa Mwalimu, kiziwi tangu utotoni, mwenye ndevu zilizoanza kuingia mvi. Viziwi huitana hivyo. Badala ya kupaza sauti, huwasha taa na kuizima. Mwanamke yule alilijua jambo hilo kabla hajajua kuandika jina lake. Alizaliwa na mama kiziwi, fundi cherehani, na nyumbani kwao swichi ya ukutani ndiyo iliyomwita aje kula, aje kuoga, aje kulala. Tangu mama yake azikwe, mwaka mmoja nyuma, hakuna mtu aliyemwita kwa taa. Hakuwa mtu wa kulia ovyo, lakini kwa muda alisahau alikuwa amefuata nini pale.

Alikuwa amefuata ukalimani wa lugha ya ishara. Kituo kimoja kilichowahudumia manusura wa ukatili kilikuwa kimegundua kwamba viziwi waliopigwa, waliobakwa au waliofukuzwa majumbani walifika polisi na hospitalini wakisemewa na jirani, na mdogo wao wa shule, au hata na ndugu wa yule yule aliyewaumiza. Kituo kikaamua kufunza wakalimani wake. Mafunzo yalifanyika ghorofani, katika chumba chenye ubao mweusi na viti vilivyopangwa nusu duara ili kila mtu aone mikono ya mwenzake. Siku hizi chumba hicho ni stoo ya samani zilizovunjika. Waliosomea humo hawajakisahau: harufu ya chaki, chupa ya chai iliyopoteza kifuniko, na kimya chake cha ajabu, kimya kilichojaa ubishi na vicheko.

Mwanamke yule alikuwa na jina la utani alilotoka nalo mtaani. Watoto wenzake walimwita Kasuku, kwa sababu kila alipofungua kinywa maneno yalikuwa ya mama yake. Nesi, mwanafunzi mwenzake, alipolisikia jina hilo alilidaka kama mpira, na kufikia Ijumaa darasa zima lilikuwa halimwiti vingine.

"Wewe Kasuku umekuja kutuonea," Nesi alimwambia. "Sisi tunaanza a, be, che. Mwenzetu umezaliwa nayo. Siku ya mtihani nakaa karibu yako, umesikia?"

"Mtihani wenyewe wa mikono. Utaniibiaje?"

"Nitakodoa macho, dada. Macho sina ubahili nayo."

Aliyemsaidia Mwalimu alikuwa mzee mmoja mkavu wa maneno, karani mstaafu wa mahakama. Yeye alikuwa anasikia. Kazi yake ilikuwa kuandika ubaoni kila neno ambalo mwanafunzi alilitamka, kama alivyokuwa akiandika kesi, ili Mwalimu asome na kupima kama kilichotoka mdomoni ndicho kilichoingia machoni.

Kanuni ya kwanza aliyoitoa Karani iliwachekesha. Alisema mkalimani hasemi "anasema ameumia". Husema "nimeumia", kana kwamba yeye ndiye mwenye habari.

Nesi aliinua mkono. "Kwa hiyo, mzee, akisema ana mimba, na mimi nina mimba?"

"Mpaka atakaponyamaza," Karani alijibu bila kutabasamu. "Baada ya hapo ukiwa nayo bado, hilo si la mahakama."

Kanuni nyingine iliingia kwa njia ngumu zaidi. Katika zoezi moja Mwalimu alijifanya manusura. Alianza kueleza jinsi alivyofungiwa ndani, mikono yake ikatetemeka, na uso wake ukabadilika kiasi kwamba darasa lilisahau ni mchezo. Nesi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amewafariji wagonjwa, alisogea mbele akaikamata mikono ile miwili, akaiminya kwa huruma. Mwalimu alinyamaza. Hakujinasua. Alimtazama tu. Karani alisimama ubaoni na chaki yake, akasubiri, akasubiri, hakuandika kitu.

"Mbona haendelei?" Nesi aliuliza.

"Umemziba mdomo," Karani alisema. "Na huenda aliyemuumiza alianza hivyo hivyo."

Nesi aliiachia mikono ile kama aliyeshika sufuria ya moto. Siku hiyo hakutania tena mpaka jioni.

Kasuku alipofikiwa na zamu yake hakuwa na hofu. Alikuwa na yakini ya mtu anayerudi nyumbani. Akiwa mtoto alishinda chini ya meza ya mama yake akiokota pini, huku sakafu ikinguruma kwa cherehani ya kukanyaga. Aliwahi kuamini kwamba akina mama wote huweka kiganja juu ya mashine ili wajue kama uzi umekatika. Sokoni, dukani, zahanatini, kwenye mikutano ya wazazi shuleni, yeye ndiye aliyekuwa sauti. Alidhani hana cha kujifunza ila vyeo vya mahakamani.

Mwalimu akaeleza kwa mikono: "Alinikaba shingo, akanibana ukutani, akaniambia hata akiniua hakuna atakayesikia, kwa sababu sina sauti."

Kasuku akasema kwa sauti nzuri, ya upole, "Hatukuelewana, akanifanyia vibaya."

Karani aliyaandika hayo ubaoni. Mwalimu aliyasoma, akachukua chaki, na kando yake akaandika alichokisema yeye. Sentensi mbili zikakaa bega kwa bega. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kitu.

"Nimekaa mahakamani miaka mingi nikiandika," Karani alisema. "'Alinifanyia vibaya' hata aliyechukuliwa kitana chake husema hivyo. Hakimu hahukumu fumbo."

"Ni maneno mazito, mzee. Mtu mwenye heshima zake hawezi kuyatamka mbele za watu."

"Maneno ya nani?"

"Ya... ya huyo mwanamke."

"Sasa mbona unayaonea aibu wewe? Wahenga walishasema: mjumbe hauawi."

Kasuku alimgeukia Mwalimu, aliyeisahihisha sentensi yake, akajibu kwa mikono. "Mzee anasema mjumbe hauawi. Mimi nilipigwa," alisema.

Akasimulia. Alikuwa na umri wa miaka saba hivi. Mteja mmoja alirudisha gauni akidai limembana. Mama yake alilikagua mishono, akamkagua na mteja, kisha akajibu kwa mikono: gauni halijapungua, wewe ndiye uliyeongezeka. Mtoto akalisema kama lilivyo, kwa sauti ya mtu anayeipenda kazi yake. Mteja akamzaba kofi lililomlia hadi sikioni. "Mtoto gani huyu hana adabu!" Tangu siku hiyo Kasuku akaanza kuchuja. Mama akisema "nenda kamtafute fundi mwingine", yeye alisema "mama anaomba radhi". Mteja akisema "hili bubu halijui kazi", yeye alimwambia mama "anasema una kazi nyingi, atarudi kesho". Kwa miaka mingi alikuwa kama chujio la chai: majani machungu yalibaki kwake, wengine wakanywa.

Mwalimu alikuwa amelicheka sana jibu la gauni. Mwishoni hakucheka.

"Aliyepigwa alikuwa mtoto," alisema kwa mikono, taratibu. "Alitumwa bila mtu kumtambulisha. Mjumbe asiyejulikana kuwa ni mjumbe hudhaniwa ndiye mwenye maneno. Kwa hiyo utajitambulisha kila mahali, kabla ya neno la kwanza. Lakini sikiliza na hili. Ukipunguza hata neno moja, wewe si mjumbe tena. Umekuwa mwenye maneno, na mwenye maneno hujibu mwenyewe."

Kuanzia hapo darasa lilipewa zoezi la kuyataja mambo kwa majina yake. Viungo vya mwili, vitendo, vitisho, matusi. Kila mmoja alisimama na kuyatamka kwa sauti ya kawaida, bila kunong'ona na bila kufoka, mpaka yakawa maneno tu. Nesi ndiye aliyewaongoza, maana kazi yake ilikuwa imemtoa haya zamani. Walinzi wa getini walianza kuulizana huko ghorofani wanafunza nini. Kasuku alichelewa kuliko wote. Sauti yake ilikuwa ikikwama mahali pale pale, kama mguu unaolijua shimo la njiani. Hata hivyo mafunzo yalipofika ukingoni aliyatamka yote, akafaulu, na Mwalimu akamshika bega mbele ya wenzake.

Wiki mbili baadaye akapewa kesi ya Msusi.

Msusi alikuwa binti kiziwi wa miaka ishirini na minne, mwenye vidole vyepesi vilivyomletea wateja kutoka mitaa ya mbali. Aliishi kwa shangazi yake. Mume wa shangazi alimbaka. Alikwenda polisi siku ile ile, na aliyemkalimania alikuwa shangazi mwenyewe, ambaye alimpa mgongo na kusema, "Amekosana na mume wangu kwa mambo ya nyumbani, sasa yamekwisha." Jalada likafungwa. Msusi alitoka akiamini amesema kila kitu, na kweli alikuwa amesema; hakuna kilichofika. Kituo kilihangaika mpaka jalada likafunguliwa upya na mshtakiwa akafikishwa mahakamani. Ushahidi wa Msusi sasa ulikuwa unatolewa kwa mara ya pili na ya mwisho. Ukifika nusu tena, kesi ingetupwa, naye angebaki bila pa kukaa isipokuwa chini ya paa lile lile.

Asubuhi ya kesi walikaa kwenye korido ya mahakama, Msusi kwenye benchi upande mmoja na Kasuku amesimama upande wa pili. Shangazi akaja, mtandio begani, akasimama karibu na Kasuku. Alisema bila kupunguza sauti, kwa mazoea ya mtu aliyezoea kuzungumza juu ya kichwa cha kiziwi.

"Wewe si binti wa yule fundi bubu?"

"Fundi kiziwi, shangazi. Ndiyo, mimi."

"Jamani! Alinishonea gauni la harusi. Mpaka leo ninalo, halijaachia hata uzi. Mama yako alikuwa mpole yule! Umfokee utakavyo, yeye anakuomba radhi. Nilimfokea mimi kuhusu mikono ya lile gauni, nikaona aibu mwenyewe kwa alivyonijibu." Akamshika Kasuku mkono. "Basi mwanangu, mfuate mama yako. Huyu mtoto ataleta mambo ya chumbani mbele za watu. Wewe sema tu walikosana. Nani atajua?"

Kuna jambo Kasuku alilolielewa hapo ambalo miezi yote ya mafunzo haikuwa imemwonyesha. Mwanamke huyu alikuwa ameingia chumbani kwa mama yake, amepimwa mabega na kiuno, amevaa kazi ya mikono yake siku kuu ya maisha yake, na hakuwahi kukutana naye. Aliyemfahamu ni mpole mmoja aliyetungwa na mtoto wa miaka saba. Mama halisi, yule mwenye jibu kali kama sindano, aliyeweza kumcheka mteja na kumpenda kwa wakati mmoja, alikuwa amezikwa na mtaa mzima haujamjua. Wote waliokuja msibani walimlilia mtu mwingine.

Msusi aliinua mikono kutoka benchi lake. "Anasema nini?"

Mikono ya Kasuku ilijibu kabla ya akili. "Anamkumbuka mama yangu."

Msusi aliitikia kwa kichwa. Alikuwa mtulivu, lakini macho yake hayakuondoka usoni pa Kasuku. Na Kasuku akajiona: ameshachuja, na kesi haijaanza.

"Subiri," alisema kwa mikono. "Nimekupa nusu." Akamfikishia yote, tangu gauni la harusi mpaka "nani atajua".

"Unamwambia nini?" Shangazi aliuliza. "Wewe! Unamwambia nini?"

"Uliyoyasema, shangazi. Na haya pia namwambia." Mikono yake ilikuwa ikienda wakati huo huo.

Shangazi alirudi nyuma hatua moja, akashika ukuta.

"Nilijua," Msusi alisema. "Midomo yake naisoma tangu nikiwa mtoto. Nilitaka kujua kama wewe utaniambia." Kisha akauliza, "Na mle ndani, utasema?"

Kasuku alimjibu kwamba atasema. Mlango ukafunguliwa, wakaitwa.

Kesi ilisikilizwa faragha, katika chumba kidogo chenye meza ya hakimu, mabenchi mawili na dirisha la vioo vya ukungu. Kasuku aliomba kiti chake kiwekwe kando ya meza ya hakimu, ili Msusi akimtazama yeye asilazimike kumtazama mshtakiwa. Kisha akasimama. "Mheshimiwa, mimi ni mkalimani. Nitakaposema 'mimi', anayesema ni shahidi. Sitaongeza neno lake wala kulipunguza. Kila kitakachosemwa humu, na yeye atakipata."

Hakimu akaandika. Msusi akaanza.

Mwanzo ulikuwa mwepesi: nyumba, siku yenyewe, shangazi amekwenda msibani. Halafu ikafika sentensi ya kwanza ya ule uchungu. Kasuku aliiona vizuri, akaielewa yote, na ulimi wake ukawa mzito kama jiwe. Kiyoyozi kilivuma. Kalamu ya hakimu ilisimama juu ya karatasi. Msusi alibakiza mikono hewani, akimtazama mkalimani kama mtu anayetazama mlango aliokwisha kuugonga.

"Mkalimani," hakimu alisema, "shahidi amesema nini?"

"Alifunga mlango kwa komeo," Kasuku alisema. "Akanishika mikono yote miwili ili nisiweze kusema kitu. Akanibaka."

Baada ya hapo hakusimama tena. Kila kilichotoka mikononi mwa Msusi kilitoka kinywani mwake kwa jina lake, kwa sauti ya kawaida, bila kunong'ona na bila kufoka. Alikuwa bado anaendelea mshtakiwa aliporuka kutoka kwenye benchi.

"Mwanamke gani huyu hana haya! Mheshimiwa, mtoeni nje, anatutukana! Anayatoa wapi matusi haya mbele ya watu wazima?"

Kidole chake kilimwelekea Kasuku. Kasuku hakujitetea. Alimgeukia Msusi na kumkalimania yote, 'hana haya', 'anatutukana', 'mtoeni nje', pamoja na kidole chenyewe na mahali kilipoelekea.

"Kaa chini," hakimu alimwambia mshtakiwa. "Unayemnyooshea kidole hajasema neno lake hata moja humu ndani. Shahidi ni yule pale."

Vichwa vyote chumbani vikageuka. Tangu siku aliyokwenda polisi, ilikuwa mara ya kwanza watu kumtazama Msusi yeye mwenyewe kama mtu anayesema.

"Endelea, shahidi," hakimu alisema, akimtazama machoni. Msusi akaendelea mpaka mwisho.

Alichokisema kililingana na ripoti ya daktari. Wakili wa mshtakiwa alimhoji kwa muda mrefu, na majibu yake hayakuyumba. Hukumu ilisomwa mwezi uliofuata: mshtakiwa alipatikana na hatia, akaondolewa chumbani kwa mlango wa nyuma.

Shangazi aliwasubiri kwenye korido. Alikuwa amekonda. "Mwambie," alimwanza Kasuku.

"Mtazame yeye, shangazi. Mwambie mwenyewe, mimi nitafikisha."

Ilimchukua muda kuyahamisha macho yake. "Nilijua," alimwambia Msusi. "Tangu siku ile pale polisi nilijua. Niliogopa kubaki bila nyumba. Nisamehe, mwanangu. Rudi nyumbani."

Kasuku akayafikisha. Mikono ya Msusi ikajibu, nayo sauti ya Kasuku ikaifuata bila kubaki nyuma.

"Leo sikusamehe. Kesho sijui. Nyumbani kwako sirudi. Na popote pale, usinisemee tena."

Shangazi hakumtazama mkalimani. Alimtazama Msusi, akasema, "Nimesikia." Akatengeneza mtandio wake, akampisha Kasuku njia, akashuka ngazi.

Mjumbe hauawi.